Shajara ya ujenzi: kutoka Bandarharjo hadi Bulusan, jiji la Semarang, kisiwa cha Java, Indonesia

Machi 2024

Mvua za katikati ya mwezi zimeizamisha Kaligawe, eneo la kaskazini mwa jiji. Stesheni ya Tawang imeingia maji, safari za treni zimevurugika, na malori yanayokwenda bandari ya Tanjung Emas yamekwama barabarani. Mitandaoni watu wanashangaa. Kwa wakwe zangu hakuna wa kushangaa, maana Bandarharjo iko mgongoni mwa bandari na kule maji hayangoji mvua: bahari yenyewe hupanda hadi uchochoroni hata jua likiwa utosini. Wenyeji huyaita maji hayo rob. Bapak, yaani baba mkwe, amekuwa akimwaga kifusi ndani na kuinua sakafu kila baada ya miaka michache tangu mke wangu akiwa mtoto. Paa limebaki pale pale. Leo mtu wa kimo changu anaingia sebuleni ameinama, na dirisha la mbele liko usawa wa goti.

Sababu inajulikana. Kaskazini ya Semarang imelala juu ya tope changa lililoletwa na mito, halijashikana bado. Juu yake kuna viwanda na maghala, chini yake kuna visima virefu vinavyonyonya maji miaka nenda rudi. Kuna mitaa inayozama karibu sentimita 10 kwa mwaka. Tarehe 23 Mei 2022 tuta la eneo la viwanda pale bandarini lilibomoka, wafanyakazi wakatoka zamu wakipita kwenye maji ya kiunoni.

Kwa hiyo tumeamua kupanda juu, kusini ya jiji, tukajenge nyumba yetu na vyumba vya kupangisha wanafunzi. Ibu, mama mkwe, amekubali kabla sijamaliza sentensi. Bapak amesema tuendelee tu, yeye ana boti za watu za kutengeneza huko Tambak Lorok, mtaa wa wavuvi.

Mei 2024

Wikendi zote ni za kutazama viwanja. Kwa asiyeijua Semarang: jiji lina sehemu ya chini na sehemu ya juu, na tofauti kati yao unaisikia masikioni pikipiki inapopanda kilima. Wilaya ya Tembalang iko juu. Zamani ilikuwa mashamba ya mihogo na mabonde ya mianzi. Kisha Chuo Kikuu cha Diponegoro, ambacho kila mtu hapa hukiita Undip, kikahamishia shughuli zake huku kutoka Pleburan katikati ya jiji, na mwaka 2011 kipande cha kwanza cha barabara ya kulipia ya Semarang–Solo kikafunguliwa hadi Ungaran, kikipita karibu. Kutoka hapo mashamba hayakupumua tena. Kila uchochoro una bango la kos, yaani nyumba ya vyumba vya kupanga, na kila kibanda cha chakula kina foleni saa saba mchana.

Madalali wanatupeleka pande mbili. Juu, jirani na chuo, ni Bulusan, Kramas na Tembalang yenyewe: bei kali, viwanja vidogo. Chini ya mteremko wa Sigar Bencah ni Meteseh na Rowosari: bei nafuu, nyumba mpya zimepangwa safu kwa safu, lango lina mlinzi na chemchemi ya mapambo. Mteremko huo ni mkali kiasi kwamba malori hushindwa kuupanda yakarudi kinyumenyume, na mwanafunzi mwenye pikipiki ya kurithi hataupanda kila asubuhi kwa ajili ya kodi nafuu. Tena Januari 2023 mto ulivunja tuta huko Meteseh na maji yakaingia kwenye nyumba za mtaa mzima, jioni moja tu. Watu wanadhani ukishatoka pwani umeachana na mafuriko. Hapana, umebadilisha aina.

Dalali mmoja ana mahubiri mengine kabisa: tununue kaskazini, upande wa Genuk, kwa sababu ya ile barabara ya kulipia ya Semarang–Demak inayojengwa pamoja na tuta la bahari. Kipande cha Sayung hadi Demak kilianza kutumika 2023; kile cha Kaligawe hadi Sayung kinapita juu ya maji, msingi wake umewekewa mikeka ya mianzi kwanza ili tope libebe uzito. Anasema tuta likikamilika bei zitaruka. Huenda zikaruka kweli. Lakini tuta huzuia bahari kuingia, halizuii ardhi kushuka, na maji ya mvua yakishakuwa ndani ya tuta lazima yasukumwe nje kwa pampu, siku zote, na umeme usikatike. Mimi simjengei mtoto wangu nyumba inayotegemea pampu.

Juni 2024

Mwezi wa karatasi. Naandika kwa urefu kwa sababu Waafrika Mashariki wenzangu waliooa au kuolewa huku huniuliza hili kila mara.

Mgeni haruhusiwi kuwa na hak milik, ile haki kamili ya kumiliki ardhi. Ni sheria ya ardhi ya mwaka 1960, kifungu cha 21, nayo haina mlango wa nyuma. Mgeni mkazi anaweza kupata hak pakai, haki ya kutumia, ambayo kwa kanuni ya 2021 ni miaka 30, huongezwa 20, kisha huweza kufanywa upya kwa 30. Si haba, ila benki na wanunuzi wengi hawaipendi, na kiwanja tunachotaka ni cha hak milik.

Wengi hawajui kwamba sheria hiyo inamgusa mke pia. Mke wangu ni raia, lakini mali inayopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili, kwa hiyo nusu ya kiwanja chake ingehesabika mkononi mwa mgeni, na mgeni aliyepata hak milik kwa njia hiyo anatakiwa kuiachia ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana maofisa wa hati, wanaoitwa PPAT, hukataa kusaini wakiona mume ana pasipoti ya nje. Dawa ni mkataba wa ndoa wa kutenganisha mali. Zamani ulipaswa kusainiwa kabla ya kufunga ndoa na aliyechelewa basi tena. Uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2016 umeruhusu kuusaini hata ndani ya ndoa. Tumeusaini kwa mthibitishaji, kisha tukaupeleka ofisi ya dini ya wilaya, KUA, tulikofungia ndoa, wakauandika kwenye kumbukumbu.

Maana yake kwa Kiswahili cha nyumbani: kiwanja, nyumba na kila tofali ni vya mke wangu peke yake. Baba mdogo, Tanga, amenitumia ujumbe wa sauti mrefu: "Mwanangu, unajenga ukweni, na hati si yako?" Nimemjibu ndiyo, shikamoo Baba Mdogo, na kwamba mtoto wetu ni raia na yumo kwenye urithi. Hakuridhika. Mama yangu alicheka, akasema wanawake wangapi Tanga wamejenga kwa jina la mume na hakuna aliyewatumia ujumbe wa sauti.

Njia nyingine inayouzwa mitaani ni kuazima jina: unampa rafiki raia pesa, hati inaandikwa kwake, nyuma ya pazia mnasaini karatasi kwamba mali ni yako. Kifungu cha 26 cha sheria ile ile kinasema muamala wa namna hiyo, wa moja kwa moja au wa kuzunguka, ni batili na ardhi inarudi kwa dola. Nimekutana na watu waliofanya hivyo na wanalala usingizi. Heri yao.

Julai 2024

Kiwanja cha kwanza tumekiacha. Kilikuwa kizuri, pembe nne safi, mwembe uani. Muuzaji alikuwa amekata shamba vipande kumi na kitu akaviuza kwa risiti na nakala ya hati mama, akiahidi kwamba ugawaji wa hati utafuata. Wanunuzi wa kwanza wameshajenga, na hati bado iko moja, kwa jina la marehemu. Cha pili kilikuwa na Letter C tu, kumbukumbu ya daftari la kijiji. Letter C inaonyesha nani alikuwa akilipa kodi ya ardhi zamani. Umiliki ni jambo jingine, na kanuni ya 2021 iliwapa wenye karatasi za aina hiyo miaka 5 wasajili. Aliyewahi kununua kiwanja Mbagala kwa barua ya mwenyekiti wa mtaa atanielewa bila maelezo.

Cha tatu, Bulusan, mita za mraba 260, kina hati kamili kwa jina la muuzaji aliye hai, akatuonyesha kitambulisho na kutupa chai. PPAT ameipeleka hati ofisi ya ardhi, BPN, ikakaguliwa: haina rehani, haina kesi. Kodi: muuzaji asilimia 2.5, mnunuzi asilimia 5 baada ya kutoa kiasi kinachosamehewa, ambacho kwa sheria ya 2022 hakipungui rupia milioni 80. Muuzaji aliomba tuandike bei ndogo kwenye hati ili wote tupone kodi. Mke wangu alikataa kwa upole wa Kijava unaochukua nusu saa na kuishia pale pale.

Hatujalipa bado. Kwanza udongo.

Agosti 2024

Kiwanja kiko kwenye mteremko, na mteremko umesawazishwa. Kwenye vilima vya Semarang hiyo ndiyo habari kubwa kuliko hati. Ukisawazisha kilima, nusu ya nyuma inachongwa na nusu ya mbele inajazwa kwa udongo uliochongwa nyuma. Juu unaona uwanja mmoja wa majani, chini kuna ardhi mbili. Nyumba ikikaa nusu huku nusu kule, upande wa kujazwa utashuka na wa kuchongwa hautashuka, na ufa utapita katikati ya sebule kufuata mpaka huo. Nimetembelea nyumba za namna hiyo mtaani. Wenyewe huziba ufa kwa plasta kila mwaka kabla ya Idi.

Binamu wa mke wangu, mhandisi, alileta watu wa sondir, kipimo cha kusukuma koni ya chuma ardhini na kusoma ukinzani wake. Nyuma, koni ilianza kugoma mapema. Mbele ilizama bila kukutana na kitu cha maana hadi karibu mita ya nne. Kilichobaki kilikuwa mazungumzo mafupi na muuzaji. Tulimwonyesha grafu, akaitazama kama mtu anayetazama picha ya eksirei ya mgonjwa wa jirani, akapunguza bei.

Halafu kuna aina ya udongo. Ni mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi hadi unaweza kuingiza kidole kwenye nyufa zake. Udongo huo hausumbui ukikaa na unyevu uleule mwaka mzima. Husumbua ukiloa na kukauka, ukiloa na kukauka. Mchoro umebadilika kufuatana na hilo: jengo la ghorofa moja lenye vyumba vinane vya kupangisha limehamishiwa lote nyuma, kwenye ardhi iliyochongwa, mbele ni maegesho ya pikipiki na jiko la pamoja lenye paa jepesi. Sehemu ya nje ya kufulia imeondolewa kabisa, sitaki maji yamwagike karibu na msingi. Ibu amenuna kwa ajili ya sehemu hiyo.

Tumelipa. Hati inabadilishwa jina.

Oktoba 2024

Kibali cha ujenzi siku hizi kinaitwa PBG; kile cha zamani, IMB, kilifutwa na kanuni ya 2021. Maombi hupita kwenye mtandao, lakini kabla yake unahitaji karatasi ya mpango miji ya kiwanja chako, inayosema ukae umbali gani kutoka barabarani na ufunike sehemu gani ya kiwanja. Jengo letu limelazimika kurudi nyuma zaidi, jambo ambalo lilikuwa sawa na mpango wetu. Pia wanataka shimo la kupenyezea maji ya mvua ardhini. Nimeliweka pembe ya mbali ya mbele, mbali na jengo.

Pesa ya ujenzi: akiba, na benki ya Kiislamu kwa utaratibu wa murabaha, yaani benki hununua na kukuuzia kwa faida iliyotajwa mapema, marejesho yasiyobadilika hadi mwisho, kwa jina la mke wangu. Walitaka kuuona mkataba wetu wa ndoa kabla ya kitu kingine chochote.

Fundi mkuu, Pak Mandor, amechukua kazi kwa ujira wa jumla, vifaa tunanunua wenyewe. Vijana wake wanatoka Grobogan, wanalala kwenye kibanda cha mabati hapo hapo. Malipo ni Jumamosi, chai na vitafunwa vya kukaanga saa nne na saa tisa. Ukisahau chai, siku hiyo ukuta unapinda. Msingi: vitako vya zege yenye nondo hadi kwenye mfinyanzi mgumu, vimefungwa pamoja na mihimili ya chini. Umekula pesa nyingi kuliko kuta zote zitakavyokula. Shemeji yangu anasema nimezika gari.

Desemba 2024

Mvua. Kazi ni ukuta wa kuzuia udongo upande wa mbele, juu ya jirani wa chini. Tumebishana na Pak Mandor juu ya matundu ya kutolea maji. Yeye huweka mabomba mafupi ndani ya ukuta wa mawe na kuendelea. Mimi na binamu tunataka nyuma ya kila tundu kuwe na kokoto na nyuzi nyeusi za mti wa aren, zinazoitwa ijuk, ili maji yapite na tope libaki. Bila hivyo matundu huziba kwa msimu mmoja, maji yanajikusanya nyuma ya ukuta, na ukuta unaanza kutembea. Pak Mandor hakusema hapana. Alisema "nggih", ndiyo ya heshima, kisha akaendelea vile vile. Nimejifunza kutouliza tena bali kununua ijuk mwenyewe, kuileta kwa pikipiki na kukaa pale hadi iwekwe. Akaiweka vizuri kuliko nilivyotarajia, na kuniuliza kama imebaki, ana kazi nyingine Sambiroto.

Februari 2025

Paa. Siku ya kupandisha mti wa juu ilichaguliwa na Bapak kwa kalenda ya Kijava, akihesabu weton ya mke wangu, siku yake ya kuzaliwa. Walifunga kwenye mti huo mkungu wa ndizi, nazi, masuke ya mpunga na bendera nyekundu na nyeupe, wakasoma dua, tukala. Bapak alipanda ngazi mwenyewe, akasimama juu akitazama kaskazini. Siku ikiwa safi unaiona bahari kutoka pale, na meli zimetia nanga. Alishuka akasema kenchi za chuma ni nyembamba mno kwa mtu aliyezoea mbao za boti.

Machi 2025

Ramadhani. Kazi nusu siku, kisha mwishoni mwa mwezi vijana wote wamekwenda kwao kwa Idi na posho zao za sikukuu. Hakuna anayejenga chochote Java wiki hizi, na mwenye kupanga ratiba bila kulihesabu hilo amejipangia ugomvi.

Juni 2025

Umeme wa kulipia kabla, kama LUKU, kila chumba na kipimo chake kidogo ili anayechemsha maji mchana kutwa ajilipie. Maji ya bomba yanakuja kwa zamu, hivyo tenki kubwa liko juu. Cheti cha jengo kufaa kutumika, SLF, kimeombwa.

Kikao na Pak RT, kiongozi wa nyumba zetu hapa uchochoroni, kilikuwa kirefu kuliko cha benki. Majirani walikuwa na masharti mawili: wapangaji wawe wasichana tu, na mgeni anayelala aandikishwe ndani ya saa 24. Kos ya mchanganyiko ingelipa zaidi. Tumekubali masharti, kwa sababu mimi nitaishi na watu hawa na mapato hayapigi ronda, yaani doria ya mtaa, usiku. Nimeshapangiwa zamu yangu ya ronda, Alhamisi. Mweusi nilivyo, mwenzangu wa zamu alisema mwizi atapita karibu nami bila kujua kama nipo, tukacheka wote, kisha akanipa tochi.

Agosti 2025

Majibu ya kuingia vyuo yalipotoka, wazazi walianza kuja na mabinti zao, kutoka Pati, Tegal, mmoja kutoka Kalimantan. Mzazi hamuulizi mwenye nyumba juu ya msingi. Anauliza intaneti, godoro, na Ibu anaishi hapa hapa? Ibu anaishi hapa hapa, chumba cha kwanza langoni, na hilo limejaza vyumba sita kabla ya muhula kuanza. Viwili vya chini, visivyo na upepo, bado vitupu; nimevipunguzia kodi na kununua feni. Kwa vyumba sita tunalipa benki na umeme wa maeneo ya pamoja, basi. Vinane vikijaa kutabaki kitu. Wanaoniuliza kama ni uwekezaji mzuri nawaambia wahesabu vyumba vitupu kwanza, maana kilima kizima kinajenga kos na Undip haiongezi wanafunzi kwa kasi hiyo.

Bapak huja Ijumaa baada ya swala na kurudi Bandarharjo Jumapili. Tumemwekea kitanda, hajaleta nguo.

Kabla ya Novemba lazima mfereji wa uchochoroni upanuliwe, maana maji ya paa letu sasa yanashukia kwa jirani wa chini na mfereji uliopo ulichimbwa enzi za mihogo. Amekubali kuchangia saruji, mimi natoa mabomba na vibarua, na Pak RT anaitisha kazi ya pamoja Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Pak Mandor amesema atakuja kusimamia bure, ila nilete ijuk.